William Blake: Kazi ya Mkate na Kazi ya Moyo

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi habari za mtunzi mmoja wa Uingereza, jina lake William Blake. Watu wengi hudhani ya kuwa mtunzi wa mashairi ni mtu mwenye nafasi tele, akaaye kivulini akingoja maneno yamjie. Blake hakuwa hivyo. Alikuwa fundi, akala jasho la mikono yake maisha yake yote. Na utungo wake mmoja mkubwa aliuandika katikati ya kazi za watu wengine, juu ya karatasi zilizobaki katika kazi hizo.

Alizaliwa mjini London tarehe 28 Novemba 1757. Baba yake alikuwa na duka la soksi. Mwaka 1772 mtoto alitiwa kwa fundi aitwaye James Basire ajifunze kuchora nakshi katika mabamba ya shaba, akakaa huko miaka 7. Zamani zile hapakuwa na kamera. Picha ya kutiwa kitabuni ilichorwa kwa ncha ya chuma juu ya bamba, tena kinyume, kama uonavyo sura yako katika kioo. Kisha bamba lilipakwa wino, likafutwa uso wake, wino ukabaki katika mikwaruzo tu. Ndipo karatasi ikakandamizwa juu yake. Ni kazi ya macho na subira, na kuteleza kwa mkono mara moja kwaweza kuharibu kazi ya siku nyingi.

Mwaka 1782 alimwoa Catherine Boucher. Bibi huyu hakujua kuandika, na katika daftari ya ndoa alitia alama tu badala ya jina lake. Mumewe akamfundisha kusoma na kuandika, naye akawa msaidizi wake katika kupiga chapa na kupaka rangi. Inasimuliwa ya kuwa fedha zilipokwisha nyumbani, Catherine hakugombana na mumewe. Alimwandalia meza na kumwekea sahani tupu. Blake akiiona, alijua kwamba imempasa kushika tena kazi ya shaba.

Basi, karibu na mwaka 1795, mchapishaji Richard Edwards alimpa kazi kubwa. Alitaka picha za kupamba utungo mashuhuri wa Edward Young, uliogawanyika katika sehemu 9, na kila sehemu ikaitwa Usiku. Blake alichora picha 537 za rangi ya maji. Aliomba gini 100, akalipwa gini 20. Gini moja ilikuwa shilingi 21. Pigeni hesabu, mtaona ya kuwa ujira wa picha moja haukufika shilingi moja. Katika picha hizo 43 tu zilichorwa katika shaba, kitabu kikatoka mwaka 1797, nacho hakikupata wanunuzi wa kutosha. Kazi ikakoma.

Lakini nyumbani kwa Blake zilibaki karatasi kubwa nzuri za kujaribia chapa. Kila karatasi ilikuwa na picha pembeni, na katikati palikuwa patupu, mahali palipowekwa kwa maneno ya Young. Mtu mwingine angaliziuza au kuwashia moto. Blake alitwaa kalamu, akaanza kuandika maneno yake mwenyewe katika nafasi ile. Hivyo ndivyo ulivyokua mswada wa utungo alioupa jina la Vala, na baadaye akaubadili jina, akauita The Four Zoas, maana yake Viumbe Hai Wanne. Nao aliugawanya katika Nyusiku 9, kama ule wa Young.

Habari iliyomo si nyepesi. Blake hakutwaa hadithi za kale za Wayunani kama zilivyo, alijitungia zake. Alisimulia juu ya Albion, mtu wa kale mkubwa kama jitu, ambaye ndani yake zilikaa nguvu nne. Urizen ndiye akili itoayo sheria. Luvah ni mapenzi na hasira. Tharmas ni mwili na hisia zake. Urthona ni mhunzi, naye ni uwezo wa kubuni. Wanne hawa waligombana, kila mmoja akitaka kutawala peke yake, na Albion akaanguka katika usingizi mzito. Katika Usiku wa 9 anaamka. Hapo Urizen aacha ubishi wake, ashika plau na kupanda mbegu. Mavuno yaja, zabibu zakamuliwa, na Urthona asaga nafaka na kuoka mkate. Mtu aliyekuwa akitafuta mkate kila siku alijua kwa nini aliumaliza utungo wake hivyo.

Aliuandika kwa muda wa miaka kama 10, wala hakupata utulivu. Kutoka mwaka 1800 hata 1803 alikaa Felpham, kijiji kilicho kando ya bahari, karibu na mlezi wake William Hayley, tajiri aliyekuwa mtunzi pia. Hayley alimpenda, lakini alimjaza kazi ndogondogo: sura za watu, picha za vitabu, vichwa vya watunzi wa kale vya kupamba maktaba yake. Blake alilalamika katika barua zake ya kuwa anazuiwa asifanye kazi iliyo yake hasa. Usiku wa 7 aliuandika mara mbili, na mistari mingi aliifuta au kuiongeza pembeni.

Mswada haukukamilika. Hata hivyo haukuwa kazi bure, maana aliutumia kama ghala: alipotunga Milton na Jerusalem, alichukua humo mistari mingi. Hatimaye alimpa mchoraji kijana, John Linnell, aliyemsaidia katika uzee wake. Blake alikufa tarehe 12 Agosti 1827. Karatasi zilikaa kwa jamaa ya Linnell, zikapigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1893, miaka 66 baada ya kufa kwake, kwa kazi ya Edwin Ellis na W. B. Yeats. Mwaka 1918 mswada wenyewe ulitolewa kwa jumba la makumbusho la British Museum, na sasa umo katika maktaba kuu ya taifa mjini London.

Labda mmoja wenu hutunga usiku, baada ya shamba au kazi ya ofisi, na husema, “Nitaandika vizuri nipatapo nafasi.” Blake hakuipata nafasi hiyo, alipata katikati ya karatasi tu. Na wewe uliye na sanduku la maandiko ya mzee wako, ambayo huyafahamu, mkumbuke Linnell: usiyatupe, yaweke pakavu, mbali na mchwa.