Kizibo cha Chini



Baba yetu alipofariki alituachia, mimi na kaka yangu, gari moja aina ya Peugeot 404. Wazee wanalikumbuka, ndilo lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, na tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Kaka alitaka liuzwe, mimi nilitaka litunzwe. Maneno yakazidi, na gari likakaa chini ya mwembe miaka 12. Sisi wawili tukawa watu wa kusalimiana misibani tu, nami kila Jumapili nilisimama altareni nikiwahimiza wengine wapatane.

Hatimaye mama, akiwa mzee sana, alituita. Akasema, "Wanangu, kabla sijafumba macho nataka kusikia gari la baba yenu likinguruma." Basi tukamwita fundi mmoja mzee.

Kwa haraka nilileta ndoo ya maji safi ili niyamimine kwenye rejeta. Fundi akanizuia: "La, Padri. Ukimimina maji safi juu ya kutu, utapata kutu iliyolowa."

Akatueleza kwamba injini ikiwaka huwa na joto kali, na maji huzunguka ndani ya bloki ya chuma, yakalichukua joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta, ambako upepo hulipoza. Gari likilala, maji nayo hutuama. Chuma hushika kutu, maji ya kisima huacha chokaa, na tope hujikusanya chini kabisa ya bloki, mahali pasipoonwa na mtu. Ukiliwasha vivyo hivyo, tope hilo huziba mirija myembamba ya rejeta, injini huchemka, na silinda hedi ya alumini huweza kupinda.

Alifungua kwanza koki ya rejeta, yakatoka maji machache ya kahawia. Kisha akafungua kizibo cha bloki; halikutoka hata tone. Nikadhani pamekauka. Yeye akachukua waya, akachokonoa taratibu, na mara tope jekundu likabubujika.

Akaondoa thamostati, maana hufunga njia ya maji injini ikiwa baridi. Akatenganisha mipira, akasafisha rejeta peke yake na bloki peke yake, ili uchafu wa huku usihamie kule. Tena aliyapitisha maji kinyume cha mwendo wake wa kila siku: kwenye rejeta kutoka chini kwenda juu, kwenye bloki kutoka juu kwenda chini. Nilimwomba aongeze nguvu ya maji. Akakataa, kwa kuwa rejeta kuukuu hupasuka. Kaka akapendekeza kostiki soda. Akakataa pia, kwa kuwa hula alumini.

Kazi ile ilihitaji watu wawili, mmoja ashike mpira, mwingine achokonoe. Tuliifanya asubuhi nzima bila kusemezana. Maji yalitoka mekundu, kisha ya manjano, kisha yakaanza kung'aa. Ndipo kaka aliposema, "Mdogo wangu, yametakata." Nami nikajibu, "Kaka, nisamehe." Hakusema neno. Alinipokea mpira, kwa kuwa aliona mikono yangu imechoka.

Ndugu zangu, wengi wetu humimina maji safi juu ya kutu. Twaenda kuungama, twafungua koki ya rejeta, yanatoka makosa yale madogo tuliyoyazoea. Kizibo cha bloki hatukigusi. Na hata tukikifungua pasitoke kitu, twasema hakuna kitu. La hasha! Yatupasa kuchokonoa kwa subira. Yatupasa pia kurudi kinyume: kuanza na lile neno la mwisho tulilomwambia ndugu yetu, na kurudi nyuma hadi lile la kwanza. Wala tusitumie nguvu, wala maneno makali yanayokula kile tunachotaka kukiponya.

Fundi alifunga mipira mipya na thamostati mpya, akajaza maji ya mvua yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu. Akatuonya tusifungue kamwe kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto, maana maji yaliyobanwa humrukia mtu usoni, tungoje ipoe. Hilo nalo ni fundisho kwa wapatanishi. Tena akaagiza tukague upya baada ya siku chache, kwa sababu kutu ya miaka 12 haiishi kwa asubuhi moja.

Ni kweli, haikuisha. Mimi na kaka bado tunalo la kuzungumza. Lakini jioni ile mama aliketi barazani, akasikia ngurumo, akatuona wawili tumeinama juu ya injini moja.

Wewe unayenisikiliza, wiki hii kitafute kizibo chako cha chini, ungali na mtu wa kukushikia mpira.

Mwenyezi Mungu atubariki sote. Amina.