Kelele za Tairi Katika Gari Jipya
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Gatongora)



Mnajua gari jipya tulilolinunua kwa michango yetu linanguruma sana. Baadhi ya wenzetu walisema tumeuziwa gari bovu, wakataka warudishiwe fedha zao. Tukaona tulichunguze kwanza.

Tulilipeleka barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, kisha kwenye lami ya kokoto nene. Mwendo ulikuwa ule ule, lakini kelele zilibadilika. Basi ni tairi na barabara: meno hupiga lami, na hewa iliyobanwa katikati hutoka kwa nguvu. Kama kelele hazibadiliki kwa barabara, bali huzidi kwa mwendo tu, tazameni mipira ya milango, huenda upepo unaingia. Zikibadilika mkikata kona, mwoneni fundi upesi, pengine ni beringi.

Pili, pimeni hewa ya tairi asubuhi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa penye mlango wa dereva. Msiipunguze ili kupata kimya. Tairi isiyojaa huchemka na kupasuka.

Tatu, zulia zito husaidia kidogo. Tairi hizi zikiisha, tuchague zenye meno madogo.

Ndugu, mafundi wa reli tangu zamani waligonga gurudumu kwa nyundo: zima lililia kama kengele, lenye ufa halikulia. Sauti ni habari. Tusiizibe kabla ya kuielewa, wala tusivunje umoja wetu kwa ajili ya ngurumo.