Jina Pembeni mwa Picha

Leo tutasikiliza kwanza, kisha tutaandika. Mwenye kitabu na afuate mistari kwa kidole.

Twende Dar es Salaam, sehemu ya Oyster Bay. Huko kuna chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Wanachora ndege, chui, tembo na samaki, kwa rangi zinazong'aa.

Tingatinga ni jina la mtu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alikwenda Tanga kufanya kazi ya mkonge, kisha akaja Dar es Salaam. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na vifaa vya wachoraji wa Ulaya, wala hakuvingoja. Alichukua kipande cha ubao mwembamba, ule wa kufunikia dari, na rangi ya baiskeli. Alipaka ubao wote rangi moja. Ilipokauka, alichora mnyama mmoja mkubwa katikati. Basi! Picha ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores.

Aliwafundisha jamaa zake, kama Simon Mpata na January Linda. Walitazama mkono wa mwalimu, wakaiga.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi. Polisi walimdhania mhalifu waliyekuwa wakimtafuta. Alikuwa amechora miaka minne tu. Kazi ile ingeweza kuzikwa naye. Wanafunzi wake hawakuweka chini brashi. Walishirikiana, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika.

Wako wanaosema, "Wachoraji hawa wanaigana tu." Kuigana kupo, sifichi. Mgeni akinunua chui leo, kesho utaona chui kumi. Lakini tazameni chini, pembeni mwa picha. Mwalimu aliandika E. S. Tingatinga. Mpata aliandika lake. Mtindo una jina la mtu mmoja, lakini kila picha ina mwenyewe. Mchoraji asiyeandika jina lake, kazi yake itaitwa ya mwingine, naye atadai kwa lipi?

Sasa chukueni kalamu. Andikeni sentensi mbili juu ya kazi ya mikono inayofanywa kijijini kwenu: kususi ukili, kufinyanga, kuchonga, au nyingine. Tajeni na mtu aliyewafundisha. Mkimaliza, chini, upande wa kulia, kila mtu aandike jina lake kamili bila kuandikiwa na jirani.