Cheti cha Mwalimu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Sisi wa reli twajua kwamba mtu hapewi injini kwa sababu ya maneno mazuri. Hupimwa kwanza. Basi sikieni habari za California, Marekani. Sheria ya 1992 ilileta huko shule zilipwazo na serikali lakini zaendeshwa na wengine kwa mkataba. Kwa miaka mingi ziliruhusiwa kuajiri walimu wasio na cheti kwa masomo yasiyo makuu, kana kwamba mtoto ana saa za kuchezewa! Mwaka 2019 sheria ikageuzwa: kila mwalimu awe na cheti cha kazi anayofundisha. Waliokuwa kazini 2019-20 walipewa mpaka tarehe 1 Julai 2025. Na kila mwaka majina na masomo yao hulinganishwa na daftari la vyeti.

Muda huo twausifu, maana hawakufukuzwa siku moja. Lakini mwajiri aliyewatumia bila cheti, yeye ndiye alipe karo yao.

Kwetu Kenya, sheria ya 2012 yakataza kufundisha bila kuandikishwa na TSC. Basi tukilipa karo shule za binafsi, tuulize namba za walimu.