Gitaa la Ngaremara, Wimbo wa Nairobi

Gitaa la stili lenye pedali, lile linalolia kwenye nyimbo za kantri, huchomekwa moja kwa moja kwenye kifaa cha kurekodia, sawa na gitaa lolote la umeme. Gitaa la mbao lahitaji maikrofoni, na hapo upepo juu ya mabati ni adui: atundike blanketi nzito, asubiri utulie. Arekodi tangu mwanzo wa wimbo, hata kama anaingia ubeti wa pili, ndipo mwenzake Nairobi asihangaike kupanga. Asiongeze mwangwi. Faili la WAV la dakika 4 hufika megabaiti 35 hivi, bando liwepo. Kabla halijatumwa, malipo yaandikwe, hata kwa ujumbe wa simu. Asiyeandika huenda akasikia gitaa lake redioni, asijue aanzie wapi kudai.