Maji ya Isiukhu Kabla ya Kunywa

Msikilizaji wa Buyangu, mto Isiukhu unapita msituni, lakini mvua kubwa ikinyesha hubeba tope. Kwenye mtambo wa kusafisha maji, tope hilo huanza kuondolewa kwa shabu. Mashine huikoroga majini kwa kasi ili ienee, halafu polepole sana. Hapo ndipo penye ufundi: chembe za tope hushikana zikawa madonge, na ukizidisha kasi, madonge huvunjika. Yakishatuama chini, maji hupitishwa kwenye mchanga, kisha hutiwa klorini, kwani hata maji maangavu huweza kuwa na vijidudu. Nawe mama, nawe baba unayechota maji mtoni, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, kisha yachemshe mpaka yatokote.