Nishati Iliyomo Ndani ya Nyanya

Tunaponunua fungu la nyanya sokoni, aghalabu tunauliza bei tu. Leo tunaomba tuulize pia: ni nishati kiasi gani imetumika hadi nyanya hizi zikatufikia, na ni nani anayeilipia?

Tuchukue mfano wa nyanya za Ilula, mkoani Iringa, zinazouzwa Dar es Salaam. Nishati huanza kutumika kabla miche haijapandwa. Mbolea ya urea hutengenezwa viwandani, mara nyingi kwa gesi asilia. Ikizidi mahitaji ya mmea, sehemu yake hugeuka kuwa oksidi ya nitrasi, gesijoto ambayo kwa kipindi cha miaka 100 kilo yake moja huongeza joto la dunia takribani mara 270 ya kilo moja ya hewa ukaa. Wakati wa kiangazi, wakulima wengi huvuta maji kwa pampu za petroli, na kila lita inayoungua hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ukaa. Kisha matenga hupakiwa kwenye lori la dizeli kwa safari ya zaidi ya kilomita 400.

Bei ya mafuta inapopanda, gharama hizo nazo hupanda. Mlaji huzikuta kwenye fungu la bei ileile, lililopungua nyanya moja.

Hatusemi mboga zipunguzwe mezani. Mboga hutoa gesijoto kidogo sana zikilinganishwa na nyama ya ng'ombe. Tunachokipinga ni upotevu. Nyanya inayooza imekwisha kutumia mbolea, petroli na dizeli yake yote, wala haikumlisha mtu. Ikifukiwa dampo, huoza pasipo hewa na kutoa methani, gesijoto nyingine kali.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

Kwanza, tununue kiasi tutakachokitumia, hata kama fungu kubwa lina nafuu.

Pili, tupendelee mboga za msimu na zilizolimwa jirani, ambazo hazikuhitaji pampu wala safari ndefu.

Tatu, nyanya zilizoiva sana zitumike kwanza. Nazo zenye kasoro ya umbo tu zisikataliwe.

Nne, kwa wenye bustani, pampu ya sola huondoa gharama ya mafuta, lakini bei ya kuinunua ni kubwa. Kabla ya kulipa, mnunuzi adai kwa maandishi kiasi cha maji itakachotoa kwa siku katika kina cha kisima chake, pamoja na muda wa dhamana. Risiti aitunze, bila hiyo, malalamiko yake yatakuwa magumu kuthibitishwa.

Ndugu walaji, mkulima amekwisha kulipia mafuta na sisi tumekwisha kulipia nyanya. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba nyanya hiyo inaliwa.